Nani Aligeuza Kibao cha Njia Panda?

Uhalifu uligunduliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo mwanafunzi yeyote wa bweni akiwa kambini huhesabiwa kuwa maiti. Mhifadhi wa msitu wa taifa alitokea ndani ya ukungu, akasimama katikati ya mahema ya shule, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Nani amechagua kambi hapa?"

Hema moja lilikoroma.

"Nimeuliza, nani amechagua hapa?"

Wakili alitoka hemani mwake akiwa amevaa sweta ndani nje. Jina hilo alipewa kidato cha kwanza, baada ya kumtetea panya wa bwenini mbele ya matroni kwa hoja nzito kiasi kwamba matroni aliahirisha hukumu. Sasa alikuwa kidato cha tatu, na tangu muhula uanze alikuwa Mkuu wa Kambi. Cheo hicho si cha mchezo. Katika klabu yao ya wapenda misitu, mwalimu hachagui mahali pa kulala. Anayechagua ni Mkuu wa Kambi, peke yake, na akichagua vibaya hana wa kumsingizia.

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Inama."

Akainama. Mhifadhi alitenganisha nyasi kwa vidole. Chini yake palikuwa na mche wa msonobari, mfupi kama kijiti cha kiberiti, umevunjika shingo. Akatenganisha pengine: mwingine. Hema la jirani lilikuwa limelalia ukoo mzima.

"Hapa ni Kambi ya Chemchemi," alisema. "Jana getini nilikwambia kwa mdomo wangu kwamba imefungwa."

"Ndiyo, na mimi nikachagua Misonobari! Tulifuata kibao cha njia panda. Kilisema Misonobari kushoto."

"Misonobari ni kulia, binti yangu. Nimetoka hapo sasa hivi, na kibao kinaonyesha kulia, kama nilivyokisimika. Ila kile kingine, cha kuzuia watu wasiingie huku, nimekikuta kimetupwa kichakani."

Mwalimu wa jiografia alichungulia akiwa na mswaki mdomoni. Wanafunzi walimwita Ikweta kwa sababu mkanda wake ulimgawa katika nusu mbili zinazolingana.

"Kuna tatizo?" aliuliza kupitia povu.

Tatizo lilikuwepo. Kila mwaka msitu ule ulipokea wanafunzi wakati wa likizo ndefu, wakafundishwa kazi ya uhifadhi, na nafasi ya shule yao ilitangazwa paredi wiki iliyopita: ni ya Wakili, kwa sharti kwamba kambi hii iende salama. Wenzake walitaka kuwa marubani na matajiri. Wakili, tangu utotoni, alitaka kuvaa kofia ya kijani na kukemea watu wanaokata miti.

"Lori langu linapita hapa saa sita mchana," alisema Mhifadhi. "Nitaondoka nalo na taarifa yangu. Aliyelaza shule nzima juu ya miche siwezi kumfundisha kulinda msitu. Kama kuna jambo la kunieleza, nieleze kabla ya hapo."

Akaenda kuhesabu marehemu wake.

Wakati huo Pacha alikuwa amekwisha kufika, akamkumbatia Wakili mabegani. Hawakuwa ndugu. Wote wawili waliitwa Pacha kwa kuwa tangu kidato cha kwanza mmoja alilala kitanda cha juu na mwenzake cha chini, wakachangia sabuni, ndala na adhabu, hata walimu wakawa wanampiga mmoja jicho kwa kosa la mwingine. Baadaye mmoja akapata jina la Wakili, jina la Pacha likabaki kwa aliyebaki.

"Usilie," alisema Pacha. "Kibao hakijigeuzi chenyewe. Twende njia panda."

Walikwenda wameshikana mikono.

Njia panda haikuwa mbali na geti. Ilijificha tu nyuma ya kona. Kibao kilikuwa juu ya bomba la chuma lililochomekwa ardhini. Wakili alilishika, akalizungusha. Lilizunguka bila kelele, jepesi kama feni.

"Kiligeuzwa mara mbili," alisema, mikono nyuma, kwa sauti yake ya mahakamani. "Kabla hatujapita, ili tupotee. Na baada ya kupita, ili nionekane mjinga. Jana tulipofika getini saa kumi na moja, watu walikuwa wanateremsha mizigo. Nani hakuwepo?"

"Waziri," alisema Pacha. "Alisema yuko chooni. Sufuria wa jikoni pia alitoweka, eti kwa dereva. Na mimi nilikuwa nyuma ya basi natapika, kama kila safari. Usinisahau kwenye washukiwa wako."

Wakacheka wote wawili.

"Na tulipopita hapa, mimi nilikuwa mbele, wewe mfunga mkia. Nyuma yako hakubaki mtu?"

"Nyuma yangu kulikuwa na ukungu tu. Lakini kumbuka, Waziri alirudi getini baadaye kuchukua taa iliyosahauliwa."

Wakili alisimama ghafla. Waziri alikuwa msaidizi wake. Alishindwa uchaguzi wa Mkuu wa Kambi kwa kura chache, na nafasi ya mafunzo ikimponyoka Wakili ingeangukia mapajani mwake. Kwa mpelelezi, huyo ni zawadi iliyofungwa utepe.

Walimkuta Waziri akichana nywele mbele ya kioo alichokitundika kwenye tawi.

"Mheshimiwa," alianza Wakili, "jana wakati wa kuteremsha mizigo ulikuwa wapi?"

"Chooni. Unataka ushahidi wa aina gani?"

"Na asubuhi ya leo, uliposikia habari, ulijisikiaje?"

Waziri alishusha kitana. "Nikwambie ukweli? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiogopa. Lakini kufurahi si kosa la jinai, Wakili. Ningetaka kukuangusha ningekuangusha kwenye kura, mchana kweupe, watu wakiona."

"Ulirudi getini jioni."

"Nilirudi na Mwalimu. Sikumwacha hata kidogo, maana aliniegemea bega njia nzima, goti lake linamuuma. Kamuulize."

Ikweta alikiri goti, akakiri na bega. "Tena pale njia panda nilikiegemea hicho kibao nikapumzika," aliongeza. "Kilikuwa kinaonyesha Misonobari kulia. Nikajiuliza, mbona mimi nilidhani tumekwenda kushoto? Nikasema labda ni ukungu."

"Mwalimu! Wewe si unafundisha kusoma ramani?"

"Ninafundisha. Sijawahi kusema ninaelewa."

Wanafunzi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Wakili hakucheka. Kama kibao kilikuwa kimekwisha kurudishwa Mwalimu alipofika pale, basi Waziri hakukirudisha yeye. Kilirudishwa mapema zaidi, mara tu msafara ulipopita. Na aliyepita mwisho...

Alilikata wazo hilo katikati, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimoona nyoka. Bado kulikuwa na Sufuria. Akamwambia Pacha apumzike, akaenda peke yake jikoni, akimwombea Sufuria awe mhalifu.

Sufuria, msimamizi wa chakula, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la gesi, mkono mmoja kiunoni.

"Jana pale getini uligombana nami," alisema Wakili. "Ulitaka tulale Chemchemi."

"Nilitaka maji karibu. Nani anabeba ndoo hapa, wewe? Nikaambiwa imefungwa, nikanyamaza."

"Kisha ukatoweka."

"Nilikwenda kwa dereva kuomba spana ya mtungi wa gesi. Akanipa spana na hotuba kuhusu maisha."

"Dereva ameondoka na basi. Hawezi kuthibitisha."

"Spana hii hapa. Hotuba nayo naweza kukusomea yote." Sufuria alijinyoosha akaguna kama bibi kizee. "Wakili, hebu tumia akili. Mimi nijipeleke Chemchemi kwa hila, halafu nikifika nilale juu ya kokoto? Mgongo wangu leo unalijua kila jiwe kwa jina."

"Kokoto zipi?"

"Si huyo pacha wako niliyelala naye hema moja! Nyasi zote hizi zimejaa kama godoro, yeye kanivuta mpaka kule yalikokuwa yanaegeshwa magari zamani. Nikamwambia, dada, tusogee hata kidogo. Akasema hapana, tutaumiza. Nikamuuliza tutaumiza nini? Kanyamaza, anapigilia vigingi kwenye mawe mpaka vinapinda."

Wakili aligeuka taratibu. Ukungu ulikuwa umeondoka, na kambi nzima ilionekana wazi. Mahema yote yalikuwa nyasini. Moja tu lilisimama upande, kwenye kokoto, limekaa vibaya kama jino bovu.

Kabla ya saa sita aliwakusanya wote mbele ya jiko: Mhifadhi, Ikweta, Waziri, Sufuria na klabu nzima. Alijikohoza, akashika kola ya sweta kama joho.

"Ndugu zangu, kibao kiligeuzwa kabla hatujapita, kikarudishwa kabla Mwalimu hajakiegemea. Katikati hapo kuna mtu mmoja tu aliyekuwa nacho peke yake, hakuna aliyemwona."

"Mfunga mkia," alisema Pacha. "Sema tu. Mbona unazunguka?"

Hata Waziri aliacha kujiangalia.

"Nilidhani utakataa," alisema Wakili.

"Ungependa nikatae?"

"Ndiyo." Sauti ya mahakamani ilikuwa imemtoka, ikabaki ya msichana wa kidato cha tatu. Alimgeukia Mhifadhi. "Kile kibao ulichokikuta kichakani kimeandikwaje?"

"Imefungwa. Miche inakua."

"Getini mimi niliambiwa imefungwa tu. Sababu sikuambiwa. Aliyejua kwamba ndani ya nyasi kuna miche ni aliyekisoma kibao kabla ya kukitupa." Akamtazama Pacha. "Hukutapika jana. Ulikimbia mbele ukageuza kimoja, ukang'oa kingine. Tulipopita, ukakirudisha. Halafu ulipofika hapa ukaona haya kulala juu ya miche, ukalala kwenye mawe. Miche uliionea huruma. Mimi je?"

"Miche haijanisaliti," alisema Pacha.

Mtu mmoja nyuma alisema "Mama yangu," akazibwa mdomo.

"Waeleze," Pacha aliendelea. "Si wewe ni mpelelezi? Waeleze tuliapa nini kidato cha kwanza. Kwamba mafunzo haya tutaomba wote wawili, na nafasi ikiwa ya mtu mmoja, haendi mtu. Mimi nimelisikia jina lako paredi kama wapishi walivyolisikia! Nikapiga makofi. Watu wananishika mkono wananiambia hongera Pacha, bila shaka ulijua. Nikasema nilijua."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Ukinyoosha mkono kitandani kwako unagusa godoro langu."

"Nilijua utanikumbusha kiapo."

"Kumbe ulikuwa unakikumbuka."

Wakili aliachia kola ya sweta. Yule aliyemtetea panya hakuwa na hoja hata moja.

"Nilitaka ukose," alisema Pacha. "Ukose tu, tubaki kama tulivyokuwa. Sikutaka uaibike." Akafikiri kidogo. "Hapana, naongopa. Nilitaka uaibike pia. Lakini asubuhi ulipotoka na sweta lako ndani nje, nikakuonea huruma, nikakwambia twende njia panda."

"Ukanisindikiza kutafuta wewe mwenyewe."

"Ningekuacha uende na nani?"

Lori lilisikika likipanda mlima. Ikweta, ambaye kwa mara ya kwanza hakuonekana mcheshi hata tumboni, alimwambia Pacha akusanye vitu vyake. Wangetangulia shuleni wawili hao kwa lori lile, mkuu wa shule aamue. Pacha alikunja hema lake la kokotoni. Sufuria alimsaidia bila neno. Wakili alisogea hatua moja kusaidia, akaona namna Pacha alivyomgeuzia mgongo, akasimama.

Mhifadhi alimwita pembeni.

"Kazi nzuri," alisema. "Mtu anayejua kusoma nyasi ninamhitaji. Taarifa yangu itasema Mkuu wa Kambi hana kosa. Nafasi yako ipo."

"Ahsante," alisema Wakili. Neno lilikuwa kavu.

"Sasa nipe jina la mwenzako niliandike hapa hapa."

"Mwenzangu?"

"Wa mafunzo. Hatumwingizi mtu msituni peke yake, binti. Ukivunjika mguu nani ataleta habari? Nafasi ya shule siku zote ni ya watu wawili wanaoelewana. Mkuu wa Kambi anachagua mwenzake kama anavyochagua kambi. Mwalimu wenu anajua."

Wakili alimtazama Ikweta, aliyekuwa mguu mmoja juu ya lori.

"Mwalimu, hukuniambia!"

"Hukuniuliza," alisema Ikweta. "Ulikuja ofisini ukaomba, ukaondoka mbio kama mwizi. Nami nikaona hakuna haja ya kukuita. Nani asiyejua ungemtaja nani?"

Pacha alikuwa tayari ameketi nyuma ya lori, juu ya hema lake, anaangalia upande wa miti. Dereva wa lori alipiga honi. Mhifadhi alifungua kalamu, akasubiri jina.