Mfasiri wa Kwanza

Jua lilikuwa linazama Ambroise alipofungua ukumbi wa sinema wa zamani, ule waliouacha Wabelgiji hapa Bunia, ili kupanga vyombo kabla watu hawajafika. Alikuwa mfasiri wa klabu ya filamu: picha ikisema Kifaransa, yeye anageuza Kiswahili papo hapo. Watazamaji wake aliwadharau. Wauza makala ya kupikia na watu wa pikipiki, alisema, wanachekea hata msiba.

Lakini aliyemdharau kupita wote alikuwa marehemu. Josaphat, mfasiri wa kwanza, hakumaliza shule ya msingi, na bado watu walimpenda. Ambroise alimcheka mbele ya klabu nzima kwa Kifaransa chake kibovu, hadi mzee akaweka mikro chini, akahamia Komanda. Huko akafa. Ambroise hakukanyaga matanga.

"Mutu wa bure," alisema. "Nitamulilia ya nini?"

Akainua mikro.

"Moja, mbili..."

"Tatu," spika zikaitika.

Akageuka. Viti vitupu. Harufu ya tumbaku, ile ya kiko cha mzee...

"Nani iko pale?"

Kicheko. Cha chini, cha kupuuza.

Ndipo akakumbuka. Jenereta ilikuwa bado haijawashwa.

Angekimbia, lakini watu walishaanza kuingia, na aibu ikashinda woga. Gentille, katibu wa klabu, akawasha jenereta. Filamu ikaanza. Ambroise akafunga mdomo, akauziba kwa kiganja.

Sauti ikatoka vilevile.

Ikafasiri taratibu, kwa utani na methali. Watu wakacheka, wakalia, wakapiga makofi. Ambroise alisikia koo lake likitetemeka bila yeye, kana kwamba kuna mwingine anajigeuza mle ndani, anatafuta pa kukaa.

"Ambroise," Gentille akamnong'oneza filamu ilipoisha. "Leo umesema kama marehemu mwenyewe! Ulijifunzia wapi?"

Alitaka kujibu kwamba si yeye.

Koo likacheka.

Siku hizi ukumbi unajaa kila samedi, Jumamosi ya filamu. Wengine wanasema mzee alikuwa na dawa ya ukoo wake; wengine wanasema Ambroise anamuiga tu, hana haya. Nyumbani, mke wake Musoki hajasikia neno lake tangu jioni ile. Anamwita Ambroise kutwa nzima. Mume anatazama ukuta.

Jana, kwa kuchoka tu, mke akamwita kwa jina la Josaphat.

"Niko, mama," akaitika upesi, kwa adabu.