Jerikani Mbili za Jumapili

Kila Ijumaa nyumba ya mzee Ntakirutimana, kule Gikondo mjini Kigali, ilijaa pilikapilika. Walikuwa Wasabato. Jua likishazama, hakuna aliyepika, kufua wala kuchota maji mpaka Jumamosi jioni. Kazi ya binti yao Aurore, mwenye miaka kumi na mmoja, ilikuwa kujaza jerikani bombani, chini ya mlima.

Ijumaa moja ya mwaka 1991 alimkuta rafiki yake Peace akiruka kamba karibu na bomba. Aurore akaweka jerikani chini, aruke kidogo tu. Kidogo kikazaa kingi, na alipokumbuka, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Alirudi na jerikani tupu na ulimi mwepesi.

"Mama, bomba limekauka."

Jioni ile maji ya kunywa hayakutosha. Mama, ingawa alikuwa akinyonyesha, alijinyima kikombe chake akampa Aurore. Aurore aliyanywa kwa shida.

Kesho yake, walipotoka kanisani, alikuja jirani yao, bibi Xavérine, Mkatoliki aliyekulia Bujumbura. Mama akamwomba radhi kwa kukosa hata maji ya kumkaribisha, maana bomba lilikauka.

"Kukauka?" bibi akashangaa. "Jana jioni si mimi nilichota pale pale? Maji ilikuwa mingi!"

Njia ya mwongo ni fupi. Baba alisimama, macho yakatua kwenye fimbo nyuma ya mlango. Kisha akatoka, akazunguka ua, akarudi.

"Sasa nina hasira," alisema. "Jua likizama tutazungumza."

Mchana ule haukwisha upesi. Aurore aliogopa fimbo, lakini aliogopa zaidi kwamba Baba hatamwamini tena.

Jua lilipozama, Baba alimwita. Fimbo ilikuwa bado nyuma ya mlango. Aurore akalia, akasema yote, hata habari ya kile kikombe.

"Kesho utamchotea Mama maji, kisha bibi Xavérine, aliyekosa hata maji ya mgeni," Baba alisema. "Na kamba hutaigusa wiki nzima."

Asubuhi Aurore alimkuta Baba langoni. Karani mzima wa ofisi, kavaa suruali kuukuu, jerikani mkononi! Majirani wakacheka, wakamaka kwa Kinyarwanda: "Yampaye inka! Leo mzee anachota maji?"

"Baba, si ni adhabu yangu?"

"Ni yako, mwanangu. Lakini mlima ni mrefu."

Wakati wa kurudi walipumzika katikati ya mlima, jerikani zao mbili zimejaa, moja ya Mama, moja ya bibi Xavérine.

"Biblia inasema Bwana humrudi ampendaye," Baba alisema huku akihema. "Lakini inatuonya pia sisi akina baba tusiwachokoze watoto wetu. Ningekupiga kwa hasira, ungejifunza kuniogopa tu. Nataka ujifunze kusema kweli, hata pale ulipokosea, kwa sababu uongo wako humwacha mwingine na kiu."

Nyumbani, maji yalipochemshwa na kupoa, Aurore alijaza kikombe cha kwanza akampelekea Mama kwa mikono miwili. Mama akakinywa chote.