Simu Iliyodhani Iko Nyumbani

Msumari alipanda ngazi mbilimbili, mkoba ukimpiga kiunoni.

"Lori limeshatoka ghalani," sauti ya Mkuu ilisema sikioni. "Saa nne linashusha dawa bandia wodi ya watoto."

"Hospitali gani?"

"Hatujui. Malori meupe yamejaa barabarani. Bila namba ya usajili tumekwisha."

"Namba iko kwenye video ya dada yangu."

"Una dakika thelathini."

Hasira ilikuwa imemkaba tangu jana. Dada yake, mfamasia, aliwarekodi wahalifu wakipakia kwenye lori chaki iliyobandikwa lebo ya dawa. Wakamvunja taya. Wakamnyang'anya simu, wakachomoa laini na kuitupa mlangoni mwa jengo hili, ambapo mnara wa simu uliiona kwa mara ya mwisho.

Walidhani simu bila laini ni maiti.

Wajinga wakubwa! Simu bado hutafuta Wi-Fi inazozikumbuka. Na ya dada ilipangwa kupandisha video mtandaoni ikiwa nyumbani tu, kwa kuwa mwenyewe ni bahili wa bando kupindukia. Familia nzima ilikuwa ikimcheka kwa hilo.

Asubuhi hiyo, taya likiwa limefungwa waya, dada aliandika kwenye karatasi jina la Wi-Fi ya nyumbani na nywila yake. Msumari akaviingiza kwenye ruta ndogo iliyokuwa mkobani.

Ghorofa ya tatu, saa yake ya mkononi ikatetemeka.

Imeunganishwa. Video imepanda asilimia tatu.

Mawimbi yalizidi nguvu mbele ya mlango wa mwisho. Ndani, fundi simu alikuwa ameinamia simu ya dada, akihangaika kuifungua. Pembeni lilisimama jitu lililoitwa Tingatinga. Vifundo vya ngumi zake vilikuwa na vidonda vibichi.

Msumari aliviona, damu ikamchemka.

"Tumefunga, dada," fundi alisema.

"Kioo cha simu yangu tu, fundi. Niangalizie, tafadhali."

Asilimia arobaini.

"Hujasikia?" Tingatinga alifoka. "Toka!"

"Nimekusikia, kaka. Ghorofa tatu hizi, acha nivute pumzi kwanza. Au hewa nayo ni yako?"

Fundi akacheka. Tingatinga hakucheka.

"Wewe fungua hiyo simu! Nataka kujua amemtumia nani video."

Sabini na moja. Msumari alitamani kumrukia shingoni. Akajizuia, kucha zikimchoma viganja.

"Bosi," fundi akakunja uso, "mbona inachemka? Imeshika Wi-Fi. Kuna kitu inatuma."

Tisini na sita.

Tingatinga alinyakua nyundo mezani.

"Nani yuko hewani hapa? Nani?"

Mia.

"Mimi," Msumari alisema. "Haya, ponda."

Nyundo ilishuka na vioo vikaruka. Tingatinga akapeleka mkono kiunoni, akachelewa. Goti la Msumari lilimkuta tumboni, na alipoinama bastola ya Msumari, Glock 19, ikawa imegusa sikio lake. Fundi alikuwa tayari chini ya meza, akiapa kwamba yeye ni fundi tu.

"Mkuu?"

"Tumeipata. Namba inasomeka. Subiri."

Alisubiri. Dakika sita, ndefu kuliko usiku wa mgonjwa.

"Lori tumelikamata getini mwa hospitali," Mkuu alisema hatimaye, akihema. "Muuguzi alikuwa ameshashika kalamu atie saini. Hakuna boksi lililofunguliwa."

Msumari alifumba macho kidogo. Kisha akainua ngumi juu ya uso wa Tingatinga.

"Usinipige, dada!"

"Taya hilo ningelisaga," alisema. "Bahati yako nalihitaji likiwa zima. Nani anawaletea chaki?"

Tingatinga akatazama mlangoni.

Askari waliingia wakikimbia. Msumari aliwakabidhi Tingatinga, akafuta vumbi la kioo begani, akavaa miwani ya jua na kuteremka ngazi taratibu. Nyuma yake Tingatinga alikuwa ameanza kutaja majina.