Kasia la Mlangoni

Yunis alimwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda dukani kununua chumvi. Chumvi ilikuwepo. Ilijaa kwenye kopo nyuma ya mafiga, na wote wawili walikuwa wameiona mchana.

"Wahi kurudi, mama Gody," alisema Dorotea bila kuinua macho. Alikuwa amekaa kizingitini, mjukuu wake mapajani, akitazama pale pembeni ya mlango palipokuwa patupu. "Giza likishaingia, ile njia ya ziwani siipendagi."

"Ndiyo, mama."

Jua lilikuwa limeshagusa maji. Yunis alijitanda khanga, akashuka kuelekea senta ya Mugango kama mtu anayejua kuwa anatazamwa mgongoni.

Hakuwa anafuata chumvi. Alikuwa anafuata fimbo.

Fimbo yenyewe ilikuwa ya mchezo ambao watu wengi hawaujui. Zamani, mtawa mmoja kutoka nchi za baridi aliwafundisha wasichana wa kandokando ya ziwa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Barafu ya kuchezea haikuwepo. Basi walichezea ndani ya ghala la zamani la pamba kule Bunda, juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa mishumaa mpaka ikateleza. Badala ya mpira walipiga kisahani kilichokatwa kwenye tairi. Mtawa aliondoka, mchezo ukabaki. Yunis alikuwa kipa. Mbele za watu hakuwa na maneno, hata kanisani alikaa benchi la nyuma; lakini golini, akiwa na ile fimbo pana mkononi, aliona kama amesimama nyuma ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Kisha akamzaa Gody. Aliporudi mazoezini, bega halikumtii. Fimbo yake ya mninga ilimlemea kama mchi. Kisahani kilipita, kingine nacho kikapita. Diana, msichana aliyemshikia nafasi, alikuwa anadaka huku akitafuna muwa.

"Dada Yunis, wewe tulia unyonyeshe," alimwambia mbele ya wenzake. "Goli nitalilinda mimi."

Wakacheka. Yunis naye akacheka, maana hakujua afanye nini kingine.

Alikwenda kwa fundi Yusto, akashikishwa mbao mojamoja. Mvule ulikuwa mzito. Mkaratusi ulikuwa mzito zaidi. Msonobari ulikuwa mwepesi, ila Yusto aliupinda kidogo tu ukalia ta, akautupa pembeni. "Mti mwepesi halafu usivunjike," alisema. "Huo labda ukauombe kwa padri."

Kesho yake, Yunis akiwa anafagia, aliliinua kasia la baba mkwe lililosimama pembeni ya mlango. Alishtuka. Lilikuwa refu kumzidi, na ubapa wake mpana kama sinia, lakini mkononi lilikuwa kibuyu kikavu. Alilipinda kwa goti. Halikulia.

Baba mkwe, mzee Thadeo, alizama ziwani kabla Yunis hajaolewa. Mtumbwi ulipatikana, kasia likapatikana, yeye hakupatikana. Hayo Yunis aliyajua. Lakini alizaliwa Mugeta, kwenye pamba na ng'ombe, na hakujua kwa nini kasia hilo halikuwekwa darini pamoja na mengine. Angeweza kuuliza. Dorotea alikuwa Nyegina akimuuguza dada yake, na Elias, mume wa Yunis, alikuwa kisiwani akivua. Wote walikuwa na simu. Lakini kuuliza kungekuwa kueleza. Na kueleza kungekuwa kukiri kwamba mama anayenyonyesha anatafuta fimbo ya kuchezea. Akaona aibu. Akalifunga kasia kwenye khanga, akalipeleka kwa fundi.

Dorotea alirudi mchana wa siku ileile ambayo Yunis alitakiwa kuichukua fimbo. Alisimama mlangoni, mzigo bado uko kichwani.

"Mama Gody, kasia la hapa?"

"Mchwa, mama." Sauti ilimtoka ndogo. "Walikuwa wameliingia. Nili... nililitia motoni."

Dorotea alishusha mzigo taratibu, akakaa. Chakula alichopakuliwa kikapoa. Baadaye sana ndipo aliposema, kama anaongea na ukuta, "Nyumba hii, mtu akimezwa na ziwa asionekane, kasia lake tunalisimamisha mlangoni. Siku akilitaka, alikute. Atarudije nyumbani bila kasia?"

Yunis angeweza kusema wakati ule. Aliinuka, akaondoa sahani ya chakula.

Ndiyo maana sasa alikuwa njiani, jioni, akifuata chumvi ambayo haihitajiki.

Alimkuta Yusto akifunga karakana. Fimbo ilikuwa imeegemezwa mlangoni.

"Mpini nimeukata ukufike kwapani," Yusto alieleza, akiionyesha kwa kidole. "Juu nimeuparua ukawa mwembamba, hapa chini pa kushikia nimepaacha papana. Nikauzungushia tyubu ya baiskeli, usiteleze kwa jasho. Ncha ya ubapa nimeikata nikaiunga upya kwa mshazari, ilale vizuri sakafuni. Shika uone."

Ilikuwa nyepesi. Nyepesi mpaka akaogopa.

"Fundi... haiwezi kuungwa tena? Iwe kama ilivyokuwa?"

Yusto alimtazama. "Mama Gody, mbao si ugali, uongeze maji ukoroge upya." Akacheka, akampa kitu kidogo. "Kipande cha mpini kilichobaki nimemchongea mtoto. Si anaota meno? Atafune."

Kilikuwa kirungu laini, cha kuenea kiganjani. Yunis alikichomeka kifuani, ndani ya khanga.

Njia ya kurudi inapita kati ya matete na maji. Vyura walikuwa wanalia. Yunis alitembea upesi, fimbo begani.

Vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Kisha ikaja harufu... Tope la chini kabisa, lile linalobaki kwenye mtumbwi mkuukuu ukivutwa nchi kavu. Magugu yaliyooza. Na nyuma yake, hatua. Chwa... chwa... chwa...

"Mama." Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya chini, ya upole. "Hilo kasia ni la kwako?"

Hakugeuka. "Ni fimbo. Ya mchezo."

"Hebu nilione."

Mkono ulipita kando ya shavu lake, ukaichukua. Maji ya baridi yalimdondokea begani. Yunis akatazama chini, na hapo akaiona miguu. Haikuwa na viatu. Ilikuwa imepauka na kukunjamana, kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua.

Yule mtu aliisimamisha fimbo ardhini, akaipima na mwili wake.

"Lilikuwaga linanifika hapa," alisema. Yunis hakuthubutu kuangalia hapo ni wapi. Alisikia kiganja kikiipapasa tyubu, kikashuka nayo polepole mpaka kwenye kiungo. "Mmelipunguza."

"Jepesi. Jepesi kweli." Alivuta pumzi, na ndani ya pumzi mlikuwa na maji. "Sasa, mama... nitapiga kasia gani mpaka nyumbani?"

Yunis alijikaza khanga kifuani.

"Kipande kingine kiko wapi?"

Kilikuwa kifuani pake, kimegusa ngozi. Kilikuwa kimeanza kulowa.

"Sijui," alisema Yunis.

Alijisikia mwenyewe akisema hivyo. Uso ulimwaka gizani, ambako hapakuwa na wa kumwona.

Fimbo ikarudishwa begani pake, taratibu, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Hatua zikaelekea matetani. Hakusikia maji yakigawanyika. Vyura wakaanza tena.

Aliificha fimbo nyuma ya banda la kuku ndipo akaingia ndani. Alipoinama kumpokea Gody, kirungu kilimponyoka kifuani kikaanguka mkekani, na mtoto akakidaka kabla yake.

"Kizuri," alisema Dorotea. "Kachonga nani?"

"Fundi Yusto, mama. Ni... mabaki tu ya mbao."

"Na chumvi?"

"Duka limefungwa."

Dorotea alimtazama, kisha akatazama kopo nyuma ya mafiga.

Jumapili ilipofika, Yunis alikwenda Bunda kwenye mechi. Kutokwenda kungeleta maswali, na yeye alikuwa amechoka kujibu maswali. Mtoto alimwacha na bibi yake.

Mwanzoni fimbo ilimtii vizuri mno. Ilifika kabla hajawaza. Watu waliojaa kando ya kuta za ghala walianza kulitaja jina lake. Diana alisimama pembeni, muwa mkononi, haumo mdomoni.

Kisha kisahani kikaja polepole kabisa, cha kudakwa hata na mtoto. Yunis aliteremsha fimbo.

Haikuinuka tena.

Ilikuwa nzito kama mtumbwi uliojaa maji. Kisahani kikampita kando ya mguu. Aliivuta kwa mikono miwili, na kwenye kile kiungo cha Yusto maji yakaanza kutoka. Kidogo. Kisha mengi. Yakatambaa juu ya saruji, yakamzunguka miguu.

"Kipa kajikojolea," mtu mmoja alisema.

"Mwacheni mama wa watu, hayo ni maziwa."

Kicheko kilipanda mpaka kwenye mabati, kikashuka tena. Yunis alipiga magoti, akafuta kwa khanga yake. Akikamua, yanaongezeka. Yalinuka lile tope. Katikati ya maji kulikuwa na dagaa mmoja, mdogo, mzima, anajirusha.

Diana alikuja akicheka, akaishika fimbo aiondoe. Kicheko kikakatika. Akaiachia, akarudi nyuma.

"Dada," alinong'ona. "Mbona kama kuna mtu anavuta upande wa pili?"

Yunis alifika nyumbani jua likizama, fimbo mkononi, haijafungwa kwenye kitu. Dorotea alikuwa kizingitini. Yunis alipiga magoti mbele yake, na safari hii hakungoja kuulizwa.

"Mama, sikulichoma."

Akaeleza yote. Kasia, fundi, chumvi, njia ya ziwani. Alieleza akiitazama mikono yake. Alipomaliza, Dorotea aliichukua fimbo, akaipapasa tyubu, akashuka nayo polepole mpaka kwenye kiungo. Vilevile.

"Ulimwona uso?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Wewe ni mkwe wake, haifai umtazame usoni." Akaigeuza fimbo mkononi. "Alikuwa na hasira?"

"Hapana. Aliuliza tu atapiga kasia gani mpaka nyumbani."

Dorotea alifumba macho. "Ni yeye," alisema. "Hakuwagi na hasira."

Hakumtukana. Hakumfukuza. Yunis alitamani amtukane.

"Na kipande kilichobaki?"

Yunis alitazama mkekani, na Dorotea akafuata macho yake. Gody alikuwa amekaa na kile kirungu mdomoni, anakitafuna kwa fizi, anawatazama wote wawili. Udenda ulikuwa unamdondoka kidevuni. Yunis alimkimbilia akamfuta, na kitambaa kikanuka tope la ziwani.

Alikivuta kirungu. Vidole vya mtoto havikufunguka.

"Usimnyang'anye," alisema Dorotea. "Mwenyewe alikuuliza kiko wapi, ukasema hujui. Basi atakitafuta mwenyewe."

Akainuka, akaisimamisha ile fimbo iliyokatwa pembeni ya mlango, mahali pake pa zamani. Ilionekana fupi sana.

Bado iko pale. Asubuhi Yunis akifagia, anaukuta ubapa umelowa, na chini yake kijidimbwi. Goli la Bunda sasa ni la Diana, na hakuna anayemuuliza Yunis kwa nini. Jikoni Dorotea humpa kila kitu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyompa mgeni.

Na kila jioni, vyura wakinyamaza, Gody huacha kucheza. Hutambaa mpaka kizingitini, akanyoosha mkono nje, gizani, na kile kirungu, kama mtoto anayempa kitu mtu aliyesimama. Dorotea hukaa akitazama. Yunis humshika mwanawe kiuno kwa mikono miwili.

Jana alihisi mkono wa mtoto ukivutwa.

Kwa upole.