Jini Aliyesema Pumzi Haitoshi

Pasi iliunguza gauni la bibi harusi, shimo la ukubwa wa sahani, moshi ukajaa chumba, na fundi akaendelea kuimba.

"Wifi!" Dada wa mumewe aliingia mbio, mwiko mkononi. "Unachoma nyumba! Pua yako umemwazima nani?"

Fundi alivuta hewa. Hakusikia harufu yoyote: si kitambaa kinachoungua, si mafuta ya cherehani, wala wifi mwenyewe, ambaye marashi yake hufika dakika tano kabla ya miguu. Ndipo wote wawili waliposikia mtu akikohoa nyuma ya marobota ya vitambaa. Kikohozi kikavu, kifupi, cha mgeni anayetaka ijulikane amefika. Nyuma ya marobota palikuwa na ukuta tu.

Fundi alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Mtaani walimwita Mbili-kwa-Moja, kwa sababu ungempelekea kitambaa cha gauni moja, naye angekutolea la mama na la mtoto, kisha mabaki akajishonea mto. Neno "hakitoshi" kwake lilikuwa tusi.

Siku ya tatu mgeni akahamia kifuani. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka. Majini wengine husubiri giza, huyu hakuwa na adabu hiyo. Fundi alikuwa amejilaza kwenye mkeka wa kukatia alipohisi kitu kinaketi juu ya mbavu zake, polepole, kama mtu mnene anayejaribu kiti asichokiamini. Hakikuwa na uso. Kilikuwa na pumzi tu, na pumzi yenyewe ilikuwa ya fundi.

"Pumzi haitoshi wawili," kilinong'ona. "Nipe mdogo, nikuachie yako."

Tumboni mtoto, ambaye kila mchana alirusha mateke kama mchezaji wa akiba aliyeingizwa dakika za mwisho, alikuwa ametulia.

Wifi alileta jiko la makaa, akatupia ubani. "Namfukiza. Atatoka mwenyewe." Moshi ukapanda, ukatambaa juu ya meza, ukapita kwenye magauni yaliyoning'inia bila watu ndani, nayo yakaanza kupanda na kushuka vifuani, moja baada ya jingine, kana kwamba kila gauni limepata mapafu aliyonyimwa mwenye kulishona, na kile kitu juu ya mbavu kikacheka, kikanenepa, kikajitandaza mpaka kitovuni, na kucha za fundi zikaanza kugeuka rangi ya wino, na tumboni bado kimya.

"Toa jiko hilo nje!" Mkunga, ambaye wifi alikuwa amempigia simu asubuhi, alisimama mlangoni na barakoa usoni. "Mtu anakosa hewa, nawe unambanika?"

"Mkunga, ni jini..."

"Najua. Na jini huulizwa jina." Akachomoa kijiti chembamba, akakizungusha puani mwa fundi mpaka machozi yakamtoka. Walisubiri kipimo dakika kumi na tano. Mistari miwili. "Korona!" mkunga alitamka kwa sauti, na magauni yote yakatulia kwa pamoja. "Huyu wajawazito huwaonea zaidi, maana tumbo limeshabana mapafu. Humbana mama pumzi, akamtoa mtoto kabla ya siku zake, au akamnyamazisha humo humo. Lala ubavu wa kushoto, mwanangu. Gari linakuja, na hospitali kuna mtungi wa hewa."

Kitu kikang'ang'ania. "Haitoshi, fundi."

Hapo fundi akakasirika, vile anavyomkasirikia mteja anayemfundisha kukata. Akaongea kwa vipande, pumzi moja neno moja. "Mimi... niambiwe... haitoshi? Na wewe... usiyejua... kushika... mkasi?"

Likaja teke. Moja tu, la maana. Mkunga, mkono wake ukiwa tumboni, alilihisi. Wifi aliapa kwamba alisikia kishindo mkekani, kama gunia limedondoka.

Hakikwenda mbali. Siku kumi na moja kilikaa pembeni ya kitanda cha hospitali, na siku ya kumi na moja mtoto akatolewa kwa upasuaji, wiki sita kabla ya wakati, mdogo kama mkono wa koti. Alilia. Fundi alimlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, palepale alipoketi yule, akamnyonyesha huku amevaa barakoa.

"Kiti kina mwenyewe," akasema.

Harufu ya kwanza kumrudia ilikuwa ya nepi. Alicheka kwa furaha mpaka wifi akadhani kapandisha jini.

Miezi miwili baadaye alikuwa akimpima mteja mjamzito kiuno, au mahali ambapo kiuno kilikuwapo zamani. Nyuma yao pasi ikaanza kuunguza. Fundi akanusa, akageuka, akaichomoa.

"Umesikia hiyo harufu, mdogo wangu?"

"Harufu gani, dada?"

Nyuma ya marobota, mtu akakohoa.

Fundi akavaa barakoa, akamvisha na mteja, akafungua madirisha yote mpaka vitambaa vikapeperuka. "Wifi! Mchukue mtoto utoke naye nje, na umpigie mkunga!" Kisha akauchukua mkasi mkubwa, akaugeukia ukuta.

"Haya, rudia tena. Haitoshi nini?"