Suruali ya Mzee Tani

Suruali ilikuwa moja, na mikono iliyoing'ang'ania ilikuwa minne.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya tano tangu mafuriko, na soko la mitumba lilijaa watu mpaka pa kuweka mguu hapaonekani. Fundi alikuwa ameinamia rundo la nguo za kiume, amevaa gauni lake la kijani lenye mifuko mikubwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida yake. Alikuwa akisaka suruali kubwakubwa ambazo hakuna anayezitaka. Moja tu, ukiifumua, inatoa kaptula mbili za watoto, na watoto wasio na kaptula wiki hiyo walikuwa wengi. Akaiona moja ya kahawia, akaivuta. Ikagoma. Upande wa pili alikuwepo kijana mrefu mwenye sare nyeupe ya hospitali, viatu vimejaa tope, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kaka, achia. Humo unaingia wewe na ukoo wako mzima."

"Si yangu, dada. Na hata hii naona ni ndogo."

"Ndogo? Unamvalisha nani, kontena?"

"Namvalisha Mzee Tani," alisema kijana, na hakucheka.

Akaeleza palepale, watu wakiwapiga vikumbo. Yeye ni muuguzi. Wodini kwake amelazwa mama mmoja aliyeangukiwa na ukuta usiku wa mafuriko. Kidonda cha mguuni kimeoza, na daktari amesema apasuliwe Alhamisi saa mbili asubuhi; wakichelewa hapo, mguu utakatwa. Lakini mama hataki kutia sahihi mpaka amwone mumewe. Anaamini mzee amekufa maji na watu wanamficha.

"Si mumpigie simu amsikie?"

"Tulipiga. Akasema hiyo ni sauti ya shemeji yake."

"Basi mpelekeni huyo mzee!"

"Maji yalimtoa nyumbani na fulana tu. Yuko kwenye shule walikohifadhiwa watu, kajifunga shuka. Nguo za msaada zimeletwa, hakuna hata moja inayompita magotini. Na kwa shuka hatoki. Anasema akiingia wodini amezungushiwa shuka jeupe, mkewe ataamua moja kwa moja kwamba ametokea mochwari."

Fundi alijikuta anacheka na machozi yanamlengalenga. Kijana alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu aliyezoea kuwabembeleza wagonjwa wanywe dawa. Fundi kwa kawaida hawapendi wanaume wanaoongea taratibu. Huyu alimpenda, tuseme ukweli tu.

"Nitamshonea," alisema. "Kesho mchana uje uchukue kibandani kwangu, hapahapa sokoni. Niletee kipimo cha kiuno, nyonga, paja na urefu."

"Futi sina."

"Pimia chochote ulicho nacho, ukate pale kinapokutana. Haya, kimbia!"

Saa saba Muuguzi alirudi na vipande vinne vya bendeji, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu. Fundi akavitandaza mezani, akachukua kitambaa kizuri cha buluu alichokuwa amejiwekea ashone sketi yake mwenyewe, akakata bila kuuliza swali la pili. Ndivyo alivyo. Akishakushika kipimo, mkasi unaingia.

Jioni, akiwa bado amekanyaga cherehani, simu ikaita.

"Fundi, umefika wapi?"

"Nimefika mguu wa pili. Daktari, umekula?"

"Mimi si daktari, ni muuguzi."

"Nimekuuliza chakula, sikukuuliza cheo."

Akamsikia anacheka, kicheko cha mtu aliyesahau kucheka siku nyingi. "Sijala. Na wewe?"

"Nitakula suruali ikiisha."

"Basi na mimi nakusubiri, mpenzi."

Neno lile la mwisho lilimponyoka. Kila mmoja akajidai hakulisikia. Fundi alishona mguu wa pili huku anaimba.

Jumatano mchana Muuguzi aliichukua suruali mbio. Haikupita saa moja, simu ikaita.

"Fundi, imekwama magotini."

"Haiwezekani."

"Mzee amekaa hapa, haipandi wala haishuki. Umekosea vipimo."

"Nani? Mimi? Miaka kumi na moja hakuna nguo iliyorudi kwenye meza hii! Vipimo umeleta wewe!"

"Nimempima kwa mikono yangu mwenyewe, Fundi."

"Basi na ushone kwa mikono yako!"

Akakata simu. Alikasirika, na chini ya hasira aliumia, maana jana mtu huyuhuyu alimwita mpenzi. Akavikusanya vile vipande vya bendeji avitupe. Kimoja kikanasa kwenye gurudumu la cherehani. Akavuta. Kikavutika. Akavuta tena, kikazidi kurefuka, na alipokiachia kikarudi kuwa kifupi.

Fundi akakaa chini.

Alimwona Muuguzi kama yuko mbele yake, anamzungushia mzee bendeji huku anaikaza, kama anavyofunga vidonda mwaka mzima, kisha anakata. Kwa nini suruali isitoke ndogo? Lakini nani aliyemwambia apimie chochote? Na nani aliyeishika bendeji ile mchana kutwa, kwa vidole vinavyojua kitambaa hata macho yakifumbwa, asigundue? Ilimuuma kukiri, akakiri.

Saa nane ilikuwa imeshapita. Kitambaa cha buluu hakikubaki hata cha kufunga kidole. Akazungusha macho kibandani, yakatua kwenye pazia la pembe ya kujaribia nguo, buluu ileile, zito, halijapauka. Kwa bahati hakukuwa na mteja ndani. Akaling'oa, akapakata cherehani yake ndogo ya mkono, akaita pikipiki.

Muuguzi alikuwa amesimama kwenye lango la shule, simu mkononi.

"Nilikuwa nakupigia. Fundi, nisamehe, nimegundua ile..."

"Bendeji inavutika. Najua. Na mimi nilitakiwa nijue. Tutaombana radhi baadaye, shika hii cherehani."

Mzee Tani alikuwa amejaa kwenye benchi la darasa la kwanza, shuka kiunoni, amenuna. "Mwanangu, umekuja kunipima au kunizika?"

"Simama, baba. Leo hulali na shuka."

Futi ilimzunguka Mzee Tani na haikukutana. Fundi akaweka alama ya chaki kwenye shuka, akaendelea kuanzia hapo. Kisha akaifumua suruali pembeni, kulia na kushoto, akatia vipande vya pazia kuanzia kiunoni mpaka chini. Muuguzi alizungusha mkono wa cherehani, yeye akiongoza kitambaa, vichwa vyao vikikaribia kugongana.

"Taratibu. Usikaze."

"Siyo bendeji hii, naelewa."

"Wewe zungusha!"

Saa kumi na moja jioni Mzee Tani aliingia wodini kwa miguu yake, suruali ya buluu, fulana, na kitana cha kuazima kimeshapita kichwani. Mkewe alimtazama juu mpaka chini. Akamwita kwa kidole. Mzee alipoinama, akamfinya tumbo kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"We mwanamke! Unaniua!"

"Ndiye," mama alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Akapapasa mshono wa pembeni. "Baba nanihii, umevaa pazia?"

"Nimevaa pazia nije kukuona."

"Leteni hiyo karatasi," mama akasema, "kabla hajanichekesha nikafa."

Fundi alisimama mlangoni, nyuzi zimemganda kwenye gauni, akilia waziwazi. Muuguzi akaushika mkono wake, na safari hii hakuna aliyejidai hakuona.

Mguu wa mama ulipona.

Miezi mitano baadaye Muuguzi alikuja kibandani mchana na furushi kwapani. Lilikuwa pazia jipya. Akalitundika mwenyewe, likapinda upande, akasimama mbele ya Fundi.

"Nataka suti."

"Suti ya nini, na wewe kutwa uko kwenye sare?"

"Ya kwenda kwenu. Mzee Tani ndiye atakayenisemea. Ameapa kuvaa suruali ileile." Akatoa kibunda cha bendeji mfukoni. "Na vipimo nimekuja navyo."

Fundi aliitwaa bendeji, akaitupia chini ya meza. Akavua futi shingoni.

"Nyoosha mikono."

Akampima mabega, akampima kifua. Chini ya futi moyo ulikuwa unakwenda mbio.

"Pumua, nitakosea."

"Sipumui mpaka unijibu."

"Nimeshakujibu," alisema Fundi, akichukua chaki. "Wa kwangu nampima mwenyewe."