Mbuzi Aliyevuliwa Kifuu

Sauti ya nazi ikikunwa ilitoka kwenye spika ambayo fundi Ferdinand alikuwa bado hajaiunganisha na umeme.

"Dada Tunu, umewasha kitu?"

"Waya si unao wewe mkononi?"

Fundi akautazama waya, akacheka kidogo. Sauti ikakoma. Ukumbi ukabaki na harufu ya tui, ingawa nazi za maonyesho zilikuwa bado kwenye gunia na hata moja haijavunjwa.

Ukumbi huo wa Chamazi ulikuwa karakana ya baba yake Tunu, marehemu Khalfani, mbunifu wa vyombo vya nyumbani: majiko, vigoda, na zaidi ya vyote mbuzi wa kukunia nazi anayekunjwa. Nusu ya Temeke ilipikia tui la mbuzi huyo bila kujua nani alimbuni. Tunu alitaka wajue. Katika makumbusho yake mgeni hatatazama tu. Ataketi juu ya mbuzi, akune, na ukutani michoro ya mzee, ikirushwa na projekta, itatembea kufuata mikono yake. Ufunguzi ulikuwa kesho.

Jukwaani aliweka mbuzi wa kwanza kabisa kuundwa na mzee, na pembeni nakala zake mbili za kukaliwa na wageni. Yule wa kwanza mzee hakumwacha meno wazi hata siku moja. Akimaliza kazi alimvika kifuu mdomoni, akamfukizia udi, ndipo akafunga mlango. Asubuhi ile Tunu alikivua kifuu na kukitupa chini ya meza, ili wageni waone meno.

Mama yake, Bi Shamimu, aliingia na chupa ya chai, akasimama ghafla.

"Shikamoo, mama."

"Nani kamvua?" Alinong'ona.

"Mie. Sasa mama, watu waje kutazama kifuu?"

"Babako alikuwa na mwenzake humu, asiyeonekana. Ndiye aliyemfundisha kuyapinda yale meno. Walipatana atakula mkono wa babako tu, na akishiba afungwe mdomo. Vile vidole vyake vilivyopungua ulidhani vilikatwa na msumeno?"

"Mama, mnanitisha na mie kazi sijamaliza," Ferdinand alisema, akapiga magoti kupitisha waya chini ya meno.

Meno hayakusogea. Mkono wa Ferdinand ndio uliokwenda, umeshikwa kifundoni na kitu kisichoonekana, ukalazwa juu ya chuma na kuzungushwa taratibu kama nusu ya nazi, na ngozi ikashuka kwenye sinia lililotegwa chini ya meno, kisha nyama, huku spika isiyo na umeme ikikuna kwa mwendo uleule, na ukutani michoro ya mzee ikatembea, na kiti cha mbuzi, kilichokuwa kitupu, kikabonyea kwa uzito wa aliyeketi.

Tunu alimvuta fundi kiunoni. Hakuvutika. Mfupa ulianza kutoa mlio.

"Kifuu," mama yake alisema. "Aliyevua ndiye amvike."

Tunu alikitafuta chini ya meza, akakisukuma kwenye meno kwa mikono miwili. Kiganja chake kikatangulia, meno yakaingia, yakazunguka, naye akaendelea kusukuma akiwa amefumba macho, anasikia nyama yake ikidondoka kwenye sinia juu ya ile ya Ferdinand, mpaka kifuu kikakaa.

Kimya. Ferdinand alirudi nyuma akaanguka, akaketi akiegemea kitu. Bi Shamimu alimfunga mkono kwa kanga, wa Tunu kwa mtandio.

"Amefungwa?" Tunu aliuliza.

"Huyo, ndiyo." Mama aligeuza macho. "Na hizi nakala, meno yake ulipima wapi?"

"Kwa huyuhuyu wa baba. Nilitaka yalingane kabisa, mama."

Harufu ya tui ilirudi. Ferdinand alikuwa ameegemea nakala ya kwanza, kisogo mbele ya meno. Kiti cha nakala hiyo kililia, kikabonyea, na kichwa cha fundi kikaanza kugeuka taratibu, huku na huku, kama kinachotafutiwa mkao.

Tunu alitafuta kifuu kingine. Nazi zote zilikuwa nzima, ndani ya gunia.